Hila ya Mizani

Mchuuzi mwovu hana haja ya kusema uongo. Humtosha kubandika kijiwe kidogo chini ya sahani moja ya mizani yake, kisha akamwacha mnunuzi aamini macho yake mwenyewe. Sukari itapimwa, mshale utasimama, na mnunuzi ataondoka akishukuru. Ndivyo ulivyo, msomaji, ulinganishaji mwingi tunaousikia kila siku. Vitu viwili huwekwa katika sahani mbili, watu wakautazama mshale, wala hapana anayeinama kutazama chini ya sahani.

Miongoni mwa mizani za aina hiyo, ile inayotumiwa sana na vijana na wazazi wa pwani yetu ya kusini ni mizani ya michezo ya kompyuta na michezo ya ile mashine inayofungwa kwenye televisheni, ambayo vijana huiita PS hata ikiwa si PlayStation. Nenda Kombani, pale njia ya Kwale inapoachana na barabara itokayo Likoni kwenda Lunga Lunga, nawe utausikia ubishi huu kwa vinywa vitatu. Mzazi atakuambia kwamba kompyuta ni elimu na PS ni uhuni. Kijana mwenye kompyuta atakuambia kwamba PS ni chombo cha watoto, kwa kuwa picha zake hazifikii picha za kompyuta. Kijana wa PS atakuambia kwamba mchezo wa kweli ni wa PS, na kwamba kompyuta iliumbwa kwa ajili ya kuandikia barua za kuomba kazi. Watatu hawa hawapatani kwa neno lolote, lakini wanafanana kwa jambo moja: kila mmoja wao ameficha kijiwe chini ya sahani. Nia yangu ni kuviondoa vijiwe hivyo kimoja kimoja, kwa sababu kuna watoto wanaopigwa fimbo kwa ajili ya mizani hii, na kuna wazazi wanaouza mbuzi kwa ajili yake.

Kwanza yafaa ujue kwamba vitu hivi viwili ni ndugu wa tumbo moja. Mwaka wa 1962, katika chuo cha MIT huko Marekani, Steve Russell na wenzake walitunga mchezo wa vita vya angani ulioitwa Spacewar!. Waliutunga katika kompyuta ya PDP-1, iliyokuwa kubwa kama makabati kadhaa yaliyopangwa pamoja, na bei yake ilikuwa kiasi cha dola 120,000. Mzazi wa siku zile asingeweza kumnunulia mwanawe. Miaka kumi baadaye, mwaka wa 1972, ikauzwa mashine ya Odyssey, iliyotokana na kazi ya Ralph Baer: kisanduku cha kufungwa kwenye televisheni, kisichotoa sauti yoyote, na rangi zake zilikuwa karatasi za plastiki ambazo mchezaji alizibandika mwenyewe juu ya kioo. Tangu hapo ndugu hawa waliachana wakakaa mbalimbali, kisha wakarudiana. PlayStation 4 na Xbox One, zilizotoka mwaka wa 2013, zilitiwa prosesa za kampuni ya AMD zenye ukoo uleule wa prosesa za kompyuta za kawaida. Ukiifungua leo PlayStation 4 iliyokufa kwa fundi, utaona prosesa, kumbukumbu, diski na feni. Utaona kompyuta. Na mwaka wa 2022 kampuni ya Valve iliuza kompyuta iliyovishwa umbo la mashine ya michezo, ikaiita Steam Deck. Basi mtu anayezungumza juu ya kompyuta na PS kama azungumzaye juu ya mtu na mnyama amekwisha kukosea kabla ya kuanza kupima. (Simu siitaji hapa, ijapokuwa najua kwamba wengi wenu huchezea humo. Ubishi wa simu ni mwingine.)

Sasa tulifikirie bao, ambalo sote tunalijua. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64. Wazee hulicheza juu ya ubao wa mti uliochongwa vizuri; watoto huchimba mashimo mchangani, wakaokota komwe au kokoto, wakacheza. Ubao wa mti ni wa thamani, una mwenyewe, na mahali pake ni barazani. Mashimo ya mchangani hayana mwenyewe, na mvua ikinyesha yamekwisha. Hata hivyo hapana mzee mwenye akili timamu atakayesema kwamba achezaye juu ya mti hupata busara na achezaye mchangani hupata uhuni. Mzee atauliza maswali mengine. Je, mtoto huyu anajua kunamua? Akifika mtaji anaona mbali kiasi gani? Anajua kete zitamlaza wapi kabla hajaziinua? Hayo ndiyo maswali ya mchezo. Ubao nao una maswali yake: umechongwa na nani, utadumu miaka mingapi, una bei gani. Mzee hachanganyi maswali ya ubao na maswali ya mchezo, wala hachanganyi yote hayo na swali la mtoto wa nani anacheza.

Lakini sisi tunayachanganya. Chukua, kwa mfano, vijana wawili. Wa kwanza anakaa Diani katika nyumba yenye geti, na baba yake amemnunulia kompyuta ya kupakata kwa ajili ya masomo. Kijana huyu akimaliza chakula cha usiku hufunga mlango wa chumba chake, akachomeka pedi ya kuchezea kwenye kompyuta hiyo, akacheza mpira wa miguu wa video hadi usiku wa manane. Baba akipita ukumbini huona mwanga chini ya mlango, akajisemea, "Mwanangu anasoma." Wa pili anakaa Kombani. Naye anaupenda mpira uleule wa video, lakini kwao hakuna mashine. Hutoka alasiri akaenda kwenye banda la mabati lenye benchi moja na televisheni mbili, akatoa sarafu zake, akangoja zamu yake. Banda li wazi. Apitaye barabarani humwona. Imamu humwona, mzee wa mtaa humwona, na mwalimu wake akishuka kwenye matatu humwona.

Mchezo ni uleule. Timu ni zilezile, na vidole vinabonyeza vitufe vilevile. Lakini wa kwanza atasifiwa mbele ya wageni kwamba ni hodari wa kompyuta, na wa pili ataitwa mtoto wa mabandani, na pengine ataadhibiwa Jumatatu mbele ya darasa. Inama sasa, msomaji, utazame chini ya sahani. Je, waona mashine? Mimi naona mlango. Mmoja ana mlango wa kufunga na mwingine hana. Mzazi na mwalimu wanadhani wamepima kompyuta na PS, kumbe wamepima nyumba na nyumba, mfuko na mfuko.

Najua nitajibiwa. Nitaambiwa kwamba katika mabanda hayo kuna kamari, kuna bangi, kuna watoto watoro wenye sare za shule, na kuna sarafu zilizochomolewa katika mkoba wa mama. Sikanushi hata moja. Mabanda mengine yangefungwa leo nisingesikitika. Lakini maovu hayo ni ya banda, si ya mashine. Ondoa televisheni zile, uweke kompyuta kumi mahali pale pale, chini ya mwenye banda yule yule asiyejali, na maovu yatabaki. Chukua PS uipeleke katika chumba kile cha Diani, na haitaleta bangi pamoja nayo. Basi ikiwa banda lina kosa, mwulize mwenye banda maswali ya banda: unafungua saa ngapi, unamwingiza nani, kwa nini mtoto wa sare yumo saa nne asubuhi? Mkubwa anayevunja benchi na kuchukua televisheni, akarudi nyumbani akidhani ameiokoa elimu, amewahamisha watoto tu. Kesho watakuwa katika banda jingine lililo mbali zaidi na macho yake.

Tena kuna hesabu ambayo wakubwa hawaifanyi. Tuseme kijana wetu wa Kombani hucheza mechi 3 kwa wiki, kwa shilingi 10 kila mechi. Kwa mwaka mzima atakuwa ametumia shilingi 1,560. Tuseme pia kwamba kompyuta yenye nguvu ya kuuchezesha mchezo huo vizuri inauzwa shilingi 60,000. Kwa kiasi hicho cha matumizi, kijana angecheza bandani kwa zaidi ya miaka 38 kabla hajamaliza bei ya kompyuta moja, na bado hatujahesabu umeme. Kwa hiyo kijana anayekwenda bandani hakuchagua uhuni akaacha elimu. Amechagua kitu anachoweza kukilipia. Watu wazima hufanya vivyo hivyo kila siku wanapopanda matatu badala ya kununua gari, wala hatuwaiti wahuni.

Na kwa kuwa tumeingia bandani, tusitoke upesi. Pale kwenye benchi mchezaji hukaa bega kwa bega na mshindani wake. Akifungwa, hufungwa mbele ya watu, akainuka akampisha mwingine, kwa maana sheria ya mahali pale ni kwamba aliyeshindwa huondoka. Hujifunza kungoja zamu. Hujifunza kutaniwa bila kurusha ngumi. Kijana wetu wa Diani hushindana usiku na watu asiowaona, ambao humtukana na yeye akawatukana, kisha kila mmoja akazima mashine yake. Ikiwa lazima nilinganishe adabu na adabu, benchi la Kombani silioni kuwa la kudharauliwa hata kidogo.

Hiyo ilikuwa mizani ya wakubwa. Ninyi vijana msifurahi mno, kwa kuwa mizani yenu nayo ina hila.

Kijana wa kompyuta akitaka kushinda ubishi huleta video ya mchezo unaochezwa katika kompyuta ya bei ya juu kabisa, yenye kadi ya picha iliyotengenezwa juzi, akailinganisha na PlayStation 4 ambayo umbo lake lilitangazwa mwaka wa 2013. Huo ni ushindani wa pikipiki mpya na baiskeli ya babu. Mwambie alete kompyuta ya mwaka ule na bei ile, na ubishi utapoa. Kijana wa PS naye hujibu kwa bei. Husema kwamba PlayStation 5 ilipotoka mwaka wa 2020 iliuzwa dola 499, na kwamba kwa fedha hizo mtu asingepata kompyuta mpya ya nguvu zilezile. Huenda amesema kweli, lakini kuna sehemu ya kweli aliyoificha. Watengenezaji wa mashine hizi mara nyingine huuza mashine kwa faida ndogo, au hata kwa hasara, wakijua kwamba fedha zao zitarudi katika michezo. Sony walifanya hivyo na PlayStation 3 mwaka wa 2006. Fauka ya hayo, mwenye PS akitaka kucheza na watu wa mbali katika michezo mingi ya kununuliwa, hulipa ada kwa mwenye mashine, jambo ambalo mwenye kompyuta kwa kawaida hadaiwi. Bei ya PS yafanana na bei ya kuku aliyeuzwa rahisi kwa sharti kwamba chakula chake kitanunuliwa daima kwa muuzaji yule yule.

Hata mchezo wenye jina moja si lazima uwe mchezo mmoja. Mwaka wa 2021 ulitoka mchezo wa FIFA 22. Wachezaji wa PlayStation 5 na Xbox mpya walipewa ufundi mpya wa mwendo wa wachezaji uwanjani. Watu wa kompyuta, hata wale waliokuwa na kompyuta zenye nguvu kuliko mashine hizo, walipewa toleo la mashine za zamani. Walingoja hadi FIFA 23, mwaka wa 2022, ndipo wakapewa nao. Habari kama hiyo ilitokea pia kwa FIFA 14 mwaka wa 2013. Sasa fikiri juu ya vijana wawili waliobishana mwaka ule wa 2021, mmoja akisema kwamba mpira wa PS unapendeza zaidi kwa sababu PS ni bora. Mpira ule ulipendeza zaidi kwa sababu wafanyabiashara waliamua hivyo ofisini mwao. Mashine haikuwa na hatia wala sifa.

Kuna ubishi wa mkono pia, nao una maana kuliko wa picha. Katika michezo ya kulenga shabaha, kipanya cha kompyuta hulenga upesi na kwa usahihi kuliko kijiti cha pedi kinachosukumwa kwa dole gumba. Katika kuendesha gari au kukimbiza mpira, kijiti kile hushinda, kwa kuwa chaweza kusukumwa kidogo au sana, hali kitufe cha kibodi hakijui ila kubonyezwa au kuachwa. Watengenezaji wa Fortnite, mchezo unaowakutanisha watu wa kompyuta na wa PS katika uwanja mmoja, waliona tofauti hiyo, wakawapa watu wa pedi msaada wa kulenga. Matokeo yake ni kwamba watu wa kipanya hulalamika kuwa msaada umezidi, na watu wa pedi hulalamika kuwa haujatosha. Mimi naona malalamiko ya pande mbili kuwa dalili njema.

Lakini tazama wanavyofanya wenye mchezo wa kupigana wa Tekken, ambao umemjengea jina Mkenya mwenzetu Sylvia Gathoni, ajulikanaye mashindanoni kama QueenArrow. Tekken 7 ilitoka mwaka wa 2017 kwa PlayStation 4, kwa Xbox One na kwa kompyuta pia. Siku ya mashindano ya ana kwa ana washindani huketi mbele ya mashine za aina moja, na kilichobaki kuwa tofauti ni vidole na akili. Hapo mizani haina kijiwe. Ukitaka kupima watu, fananisha mashine. Ukitaka kupima mashine, fananisha watu, fedha, mwaka na mahali. Asiyetaka taabu hiyo na aseme tu kwamba anaipenda moja kuliko nyingine, nasi hatutabishana naye, maana kupenda hakuna hesabu.

Je, tukiisha kufananisha yote hayo, hakutabaki tofauti yoyote? Itabaki, tena kubwa, lakini haimo katika picha wala katika bei. Tofauti hiyo ni kufuli.

Nintendo walipoipeleka mashine yao Marekani mwaka wa 1985, walitia ndani yake kijisehemu kidogo chenye kazi ya ulinzi. Kaseti ya mchezo ikiingizwa, mlinzi huyo huuliza kama kaseti ina mwenzake aliyeidhinishwa na Nintendo. Ikiwa hana, mashine haikubali kucheza. Sababu yao haikuwa ya kipuuzi. Miaka miwili nyuma biashara ya michezo huko Marekani ilikuwa imeanguka, na michezo mibovu iliyojazana madukani ilikuwa miongoni mwa sababu. Lakini tangu wakati huo desturi imekuwa hiyo: mwenye PS hucheza kile ambacho kampuni imekipitisha, na hutunga yule ambaye kampuni imempa ruhusa.

Habari ya PlayStation 3 inaonyesha jambo hili waziwazi. Ilipotoka mwaka wa 2006, Sony waliiachia mlango wa pili: mnunuzi aliweza kuweka ndani yake mfumo wa Linux na kuitumia kama kompyuta. Watu wenye akili wakaingia kwa mlango huo. Maabara ya utafiti ya jeshi la anga la Marekani ilinunua mashine zaidi ya 1,700 za aina hiyo, ikaziunganisha zikawa kompyuta moja kubwa mno, iliyozinduliwa mwaka wa 2010. Chombo cha kuchezea mpira kilitumiwa na wanasayansi wa jeshi! Lakini mwezi wa Aprili wa mwaka huo huo Sony walileta marekebisho ya programu yaliyouziba mlango ule. Aliyeyakataa hakuweza tena kucheza na wenzake kwa njia ya mtandao wa Sony. Fikiri, msomaji: mtu alinunua nyumba yenye milango miwili, akaamka asubuhi akakuta mwuzaji amejenga ukuta penye mmoja, na mashine yenyewe haikupungua nguvu hata chembe.

Kompyuta ya kawaida haina mlinzi wa namna hiyo, na tunda la uhuru huo limeonekana. Mchezo wa Half-Life ulitoka mwaka wa 1998, na wanunuzi wakapewa zana za kuubadilisha. Vijana wawili, Minh Le na Jess Cliffe, walitumia zana hizo, na mwaka wa 1999 wakatoa mchezo wa Counter-Strike, waliowagawia watu bure. Kampuni ya Valve ikaununua, ikawaajiri. Walianza wakiwa wachezaji, kama wewe.

Wala huna haja ya kwenda ng'ambo kutafuta mfano. Mwaka wa 2007 Wesley Kirinya, kijana wa Kenya, alitoa mchezo wa kompyuta ulioitwa The Adventures of Nyangi, ambao shujaa wake ni mwanamke wa Kiafrika. Mwaka wa 2009 yeye na Eyram Tawia wa Ghana walianzisha kampuni ya kutunga michezo, Leti Arts. Siku hizo hapakuwa na mashine ya michezo iliyoenea kama PlayStation 2, ambayo iliuzwa zaidi ya milioni 150 duniani. Lakini PlayStation 2 ya dukani isingempa Kirinya nafasi ya kumtunga Nyangi kama alivyopewa na kompyuta. Haikuwa kwa udhaifu wa mashine. Mchezaji wa PS alikuwa mgeni aliyekaribishwa chakula sebuleni. Aliyeketi mbele ya kompyuta aliruhusiwa kuingia jikoni.

Hapo kijana wetu wa Diani atanyanyua kichwa na kusema, "Basi nimeshinda." Hajashinda. Tangu alipopewa kompyuta ile hajaingia jikoni hata mara moja. Hajaandika mstari mmoja wa programu, hajafungua faili moja ya mchezo aone imejengwaje. Kompyuta yake, kwa jinsi anavyoitumia, ni PS iliyonunuliwa kwa bei ya kompyuta, na baba yake aliyeuza mbuzi au aliyekopa katika chama hakununua kile alichodhani amekinunua. Mwanga chini ya mlango si ushahidi wa kitu chochote. Baba na agonge, aingie, aulize, "Umetengeneza nini mwezi huu? Nionyeshe." Hilo ni swali ambalo mwenye PS ana udhuru nalo na mwenye kompyuta hana.

Neno langu la mwisho ni juu yetu sisi walimu. Tumewalaumu Sony na Nintendo kwa kufuli zao, na ni haki kuwalaumu. Lakini hebu tazama shuleni. Mwaka wa 2013 wanasiasa waliahidi kompyuta za kupakata kwa watoto wa darasa la kwanza wa Kenya nzima. Mwaka wa 2016 vikaanza kufika vibao vya kidijitali katika shule za msingi. Shule nyingi za sekondari nazo zina chumba cha kompyuta. Kina nondo madirishani, kina mlango wa chuma, kina tangazo la kukataza kugusa. Hufunguliwa kwa wale waliochagua somo, kwa saa zilizo katika ratiba, kisha hufungwa. Jumamosi hakifunguliwi. Likizo hakifunguliwi. Mwalimu anayekishika ameweka sahihi kwa kila chombo kilichomo, na kikipotea kimoja atalipa yeye. Kwa hiyo simcheki kwa kuogopa. Lakini matokeo ni haya: katika mtaa mzima, mashine isiyo na kufuli ndani imetiwa kufuli mlangoni, na mashine yenye kufuli ndani iko wazi bandani kuanzia asubuhi hadi usiku, kwa shilingi 10. Kisha tunamwuliza mtoto kwa nini yuko bandani!

Chumba hicho na kifunguliwe Jumamosi, saa nane hadi saa kumi na moja, walimu wakishika zamu, na daftari la sahihi likiwa mlangoni. Na waalikwe kwanza wale wa benchi la mabati, kwa kuwa wao wanajua mchezo ni nini. Hakuna gharama kubwa ya kuanzia. Programu ya Scratch, iliyotolewa na MIT mwaka wa 2007, ni ya bure, ina maandishi ya Kiswahili, na ikiisha kuwekwa katika kompyuta hufanya kazi hata intaneti isipokuwapo. Kazi ya kwanza iwe kutunga bao. Mtoto achore mashimo 32, manane kwa kila safu. Aweke kete 6 katika nyumba ya kila mchezaji, na 2 katika kila moja ya mashimo mawili ya jirani yake. Kete 22 zilizobaki za kila upande zikae mkononi, na programu izihesabu zinapopungua moja moja, mpaka namua iishe na mtaji uanze.